D5 au DDC? Pampu ya kupooza kompyuta kwa maji, nilivyoona mwenyewe

Mkuu umesema una bloku (kile kipande cha chuma kinachopitisha maji kuchukua joto) ya prosesa na ya kadi ya grafiksi, rediata mbili, ya milimita 360 na ya 240, unasita kati ya aina mbili za pampu, D5 na DDC, halafu kuna mtu kakwambia funga pampu mbili kabisa. Mi nimetumia zote, D5 ndo iko ndani mpaka leo, kwa hiyo naongea nilichokiona.

Kwanza hio namba kubwa kwenye boksi isikuchanganye. D5 wanaandika lita 1500 kwa saa, sawa, ila hapo pampu haina chochote mbele yake, we ukishafunga bloku zenye vinjia vyembamba kama unywele na rediata mbili na makona yote hayo, hufiki hata robo. Namba ya kuangalia ni ile ya mita, D5 ni kama mita 4, DDC ya wati 18 inagusa mita 5 hivi. Na hizo mita wengi wanazielewa vibaya, wanaanza kupima keisi ina urefu gani! Mzunguko ukishajaa, maji yanayoshuka upande mmoja yanayapandisha yale ya upande wa pili, urefu unajifuta wenyewe. Mita zinakwambia pampu ina ubavu kiasi gani wa kupenya kwenye vizuizi, basi.

Sasa maji yaende kasi gani? Piga hesabu kidogo. Mashine ikitoa wati 400 na maji yakapita lita 2 kwa dakika, tofauti ya maji yanayoingia na yanayotoka kwenye bloku zote haifiki digrii 3. Ukikaza mpaka lita 4 tofauti inakua digrii 1 na nusu hivi. Yani umeongeza kelele mara mbili ili upate digrii moja na ushee. Ukishuka lita 1 hapo ndo inafika karibu 6, hapo ntakwambia kweli una shida. Kinachotoa joto nje ni rediata na feni, pampu kazi yake ni kuzungusha tu, kwa hiyo rediata zako hizo mbili pampu moja inazimudu vizuri, ya pili labda uweke kama spea, moja ikifa nyingine iendelee, lakini kwa ajili ya ubaridi usijisumbue.

DDC ni ndogo, kwenye keisi finyu utaipenda, ila sakiti yake iko chini na inapozwa na hewa, ile ya wati 18 bila kipande cha chuma cha kunyonya joto na upepo kidogo inachemka, yangu kidole kilikua hakikai. Halafu ina mlio mwembamba kama mbu sikioni usiku. D5 mota yake inapozwa na maji yenyewe yanayopita, haina stresi hizo, na ile yenye kitufe cha 1 mpaka 5 mi naiacha 2 au 3 siisikii kabisa, ukiweka 5 inavuma. Ila usiifunge chuma kwa chuma, weka sponji au raba chini yake, kelele nyingi watu wanazolaumu pampu ni keisi inatetemeka.

Ukichukua ya PWM, yani ile ambayo kompyuta inaipangia spidi kwa waya, umeme wake utoke kwenye pawasaplai moja kwa moja, D5 inaweza kula wati 23 na pini za feni kwenye bodi kuu ya kompyuta kwa kawaida ni ampea 1, sawa na wati 12, utaunguza. Kwenye bodi peleka ule waya wa spidi tu, na uweke alamu ya kuzima mashine mizunguko ikisoma sifuri. Na spidi usiifungie kwenye joto la prosesa maana ukifungua tu brauza pampu inapanda inashuka kama mtu mwenye kwikwi.

Kosa langu sasa. Pampu ya kwanza niliiwasha kabla tangi halijajaa, nikijua ni sekunde chache tu, kumbe beringi yake inalainishwa na maji hayohayo, toka siku hio ikawa inakoroma kama ina mchanga. Tangi liwe juu ya pampu, jaza, washa sekunde mbili tatu, zima, jaza tena. Wakati huo iwe na umeme pampu peke yake, chomoa ile plagi kubwa ya pini 24 kwenye bodi uunganishe pini ya 16 na ya 17 za plagi hiyo ili pawasaplai iwake, chomoa na plagi za kadi na prosesa zisipate kitu, weka tishu chini ya kila kiungo uache izunguke masaa kadhaa. Mapovu yasikutishe, inamisha keisi upande huu, kisha ule, yanayobaki yatapanda yenyewe kwenye tangi ndani ya siku chache.