Maswali yenu ya magitaa: Hendrix, Mukabi na wale hamkuwataja

Wiki hii ni swali moja tu limejaa kwa simu, nani mkali wa gitaa wa nyakati zote, na karibu kila mtu ananitumia majina matano yale yale. Nimechagua machache ya kujibu. Kama lako haliko, kuna uwezekano nishalijibu mara tatu na hukusoma.

Mkubwa, hapa Kondele tumebishana usiku mzima. Mmoja anasema Hendrix, mwingine Clapton, mimi nasema Jimmy Page. Tuamulie. – Kondele, Kisumu

Hendrix. Jarida la Rolling Stone lilimweka juu 2003, likamweka tena 2011, likamweka tena 2023, lakini mi simweki hapo kwa sababu ya jarida. Namweka kwa sababu ule mlio wa amplifaya ukianza kupiga yowe, ule fundi wa mitambo anakimbia kuuzima, yeye aliushika akaufanya sehemu ya wimbo, akaukunja na kuunyoosha anavyotaka, na alifanya hayo yote kwa albamu tatu za studio kabla afariki London Septemba 1970 akiwa na miaka 27.

Sasa nyinyi wa Kondele, Clapton na Page wote walipitia bendi moja ya Uingereza, Yardbirds, na Jeff Beck pia alipita hapo hapo, na hao wote watatu walikuwa wanafunzi wa watu weusi wa Mississippi na Chicago. Robert Johnson alirekodi nyimbo 29 peke yake, akafa 1938, yeye pia akiwa na 27, na hadi leo watu wanakaa chini kujaribu kuelewa vidole vyake vilikuwa vinaenda wapi. B.B. King alikuwa anapiga noti moja, anaitingisha na kidole, unaskia mwili wote umesimama. Huyo hata Afrika alifika, 1974 alipiga Kinshasa. Mnabishana usiku mzima juu ya wanafunzi na hakuna aliyetaja mwalimu hata mmoja?

Nani ana speed kuliko wote duniani? – Section 58, Nakuru

Speed si kipimo, nimesema hili mpaka nimechoka. Kama lazima upate jina, sikiza Diblo Dibala akiwa na Kanda Bongo Man, watu walimwita Machine Gun, lakini usihesabu noti, sikiza vile kila moja imekaa mahali pake na hakuna inayomkanyaga mwenzake. Ukimaliza sikiza Django Reinhardt. Moto ulimchoma mkono wa kushoto 1928, akabaki anacheza solo zake kwa vidole viwili. Viwili!

Babu yangu anasema hakuna Mzungu alishawahi kumfikia George Mukabi. Mi namheshimu mzee lakini si hii ni kupenda kwao tu? – Kakamega

Kijana wangu, babu yako anajua kitu ambacho wewe hujakaa chini ukakisikiza.

Chukua gitaa, kama huna azima. Hiyo ya mbao, isiyo ya stima. Kidole gumba kiweke kwa nyuzi nene, kitembee bila kusimama, dum-dum-dum, kama mtu anaenda sokoni. Sasa kidole cha shahada kiweke kwa nyuzi nyembamba, kipige wimbo tofauti kabisa, ambao hauanzi pale gumba limeanza wala hauishi pale gumba linaishia. Ukifaulu hapo, fungua mdomo uimbe wimbo wa tatu. Hapo kando mwenzako anakwaruza chupa ya soda, na wewe usimpoteze. Hiyo ndiyo omutibo, mtindo wa gitaa wa magharibi ya Kenya, na Mukabi alikuwa anaifanya na sauti imetulia kama mtu anaongea na jirani kwa ua. Aliuawa 1963, mwaka ule ule nchi imepata uhuru, na kile alichoacha kwa santuri si kingi, lakini nenda kijiji chochote kutoka Butere hadi Vihiga utapata mzee bado anapiga gita kwa gumba na shahada tu.

Na hakuanzia hewani. Kule Katanga, Kongo, kulikuwa na Jean Bosco Mwenda, Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimpata akipiga gitaa Jadotville 1952, mji unaoitwa Likasi siku hizi, akamrekodi wimbo wa Masanga. Bosco alikuwa anaimba Kiswahili, Kiswahili cha Katanga, ndiyo maana huku kwetu watu waliielewa haraka, na baadaye akaja mwenyewe Nairobi. Edouard Masengo, mpiga gitaa mwingine wa Katanga, pia akaja. Vijana wa magharibi wakaskiza kwa redio na santuri, lakini hawakukopi, waliingiza mwendo wao wa Kiluhya, wa ngoma zao, ikawa kitu kingine.

Kwa hivyo nikiulizwa kama Mukabi ni mkubwa kuliko Hendrix najibu kwamba hao hawakuwa wanafanya kazi moja. Hendrix alichukua stima akaonyesha gitaa linaweza kuwa nini. Mukabi alichukua mbao na nyuzi sita akatosha peke yake pale ambapo wengine wanahitaji watu watatu. Mi kwa orodha yangu hao wawili wote wako kumi bora na sitaomba mtu ruhusa. Mwambie babu akuimbie, na urekodi akiimba, hiyo simu uliniandikia nayo inarekodi.

Ni ukweli Wakipsigis waliwahi kumwimba mpiga gitaa wa Marekani wakidhani ni jini? – Molo

Walimwimba, ndio. Mwimbaji ni Jimmie Rodgers, Mmarekani wa muziki wa kantri aliyefariki 1933. Santuri zake zilifika hadi huku zikichezwa kwa gramafoni, jina lake mdomoni likawa Chemirocha, na 1950 Tracey akarekodi wasichana wa Kipsigis huko Kapkatet wakimwimba kama kiumbe nusu mtu nusu swara. Kuna watu wanaichukua hii kama kichekesho na mimi inaniudhi. Hao wasichana waliskia sauti inatoka kwa sanduku, mwenyewe haonekani, wakamtungia wimbo wao na chombo chao cha nyuzi, na huo wimbo ni mtamu. Utafute uskize kabla uucheke.

Benga nani mkali wa solo? Mi nasema D.O. Misiani, rafiki yangu anasema hakuna kitu hapo, ni kelele moja inarudiwa. – Manyatta, Kisumu

Rafiki yako anaskia kwa spika ya simu. Kwa hiyo spika besi haipo, na benga bila besi ni ugali bila mboga.

Benga, muziki wa gitaa wa Wajaluo, imetoka kwa nyatiti, chombo chao cha nyuzi, hilo karibu kila mtu mnalisema lakini hamfikirii maana yake. Nyatiti ina nyuzi nane, mpigaji ameinama, nyuzi za chini zinanguruma, za juu zinaimba, na kwa kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma anagonga nayo mbao, kwa hivyo huyo mtu mmoja ni solo, ni besi na ni ngoma. Magitaa yalipofika hiyo kazi ikagawanywa. Solo ikachukua nyuzi za juu, besi ikachukua zile za chini lakini ikakataa kukaa nyuma, ndiyo maana besi ya benga inasukuma mbele kama mtu anakuvuta mkono ucheze. Solo inafuata sauti ya mwimbaji neno kwa neno, alafu mwimbaji akinyamaza yenyewe inaanza kuongea. Ukisema inarudiwa, ndio inarudiwa, lakini sikiza mara ya nne na ya tano, kuna noti moja imesogezwa kidogo tu na wachezaji wote wameiskia miguuni.

Misiani alizaliwa Shirati, Tanzania, 1940, akaja huku akafanya benga ijulikane mpaka nje, akafariki kwa ajali ya barabara hapa Kisumu Mei 2006. Mkubwa, sikatai. Lakini mi nina kesi na nyinyi mashabiki wa benga, na nitaisema tena. Santuri ya zamani ukiigeuza utaona jina la mwimbaji, jina la bendi, jina la kampuni. Aliyepiga solo? Hakuna. Rithim, lile gitaa la kushikilia mwendo? Hakuna kabisa. Collela Mazee mnamjua, George Ramogi mnamjua, Ochieng' Kabaselleh mnamjua, lakini ule mkono unaowapa mwendo, ule wa rithim unaoenda dakika kumi bila kuchoka na bila kukosea, mwenye huo mkono alizikwa na hakuna aliyeandika. Nikiwa kwa matanga Seme miaka ya nyuma nilikaa na mzee mmoja, anatuambia kwa upole tu kwamba ule wimbo unachezwa hapo nje kwa spika yeye ndiye alipiga rithim. Watoto wake mwenyewe hawakuwa wanajua. Sasa utaniambiaje tunapanga wakali wa nyakati zote wakati hata majina hatuna?

Ninapiga mshoto. Lazima ninunue gitaa la mshoto? – Ahero

Hapana. Hendrix aligeuza Stratocaster ya mkono wa kulia akabadilisha nyuzi. Albert King aliligeuza na nyuzi akaziacha vile zilivyo, nyembamba juu. Elizabeth Cotten pia, ye gumba ndilo lilipiga wimbo na vidole vikapiga besi, kinyume cha kila mtu, na wapiga gitaa wa Marekani mpaka leo wanajifunza mtindo wake. Anza na lile liko nyumbani.

Franco ama Docteur Nico? – Mumias

Hapa mnanipasua roho, hawa wawili wote ni wakali wa gitaa la rumba ya Kongo. Nico alikuwa msafi, noti zake zinatoka moja moja kama maji ya kisima, sikiza ile cha cha ya uhuru wa Kongo ya 1960 akiwa na African Jazz ya Kabasele. Franco alikuwa mzito, anapiga nyuzi mbili kwa pamoja, anarudia mpaka inakuwa ubishi, na OK Jazz alikaa nayo kutoka 1956 mpaka kifo chake Oktoba 1989, nchi yake ikaomboleza siku nne. Kwa vidole, Nico. Kwa bendi nzima, kwa kujua lini gitaa linyamaze na lini liingie, Franco. Mi nikiwa peke yangu usiku naweka Nico.

Na Watanzania msinitumie ujumbe wa hasira, mpiga gitaa wenu Mbaraka Mwinshehe simsahau, ajali ya Mombasa ya 1979 ilituibia sana.

Bila kukosea mtu heshima, kuna mwanamke anaweza kuingia kwa hiyo orodha? – Busia

Sister Rosetta Tharpe alikuwa anapiga gitaa la stima kanisani na kwa kumbi kabla Chuck Berry arekodi chochote. Memphis Minnie alipiga bluzi Chicago wanaume wakakaa kimya. Cotten nishamtaja hapo juu. Ile orodha ya Rolling Stone ya 2003 ilikuwa na wanawake wawili tu kwa mia, Joni Mitchell na Joan Jett, Tharpe hakuwepo, na hiyo ni aibu ya walioandika.

Lakini niseme kuhusu huku kwetu. Makanisani msichana anapewa kayamba, mvulana anapewa gitaa, tangu Sunday school. Nimeona binti Nyalenda anaweza solo, ameskia akakopi kwa skio siku moja, na kiongozi wa kwaya akamwambia hilo si la wasichana, aende mbele aimbe. Hapo ndipo mnawapoteza. Kama una binti na una gitaa nyumbani, libaki sebuleni pale anaweza kulifikia.

Nina gitaa la nyuzi za nailoni, nataka liwe na sauti kali, naweza kuweka za chuma? – Nakuru

USIWEKE. Nyuzi za chuma zinavuta na nguvu zaidi, zitang'oa lile daraja zimefungwa na shingo itapinda. Nimeona zaidi ya gitaa moja limeharibika hivo na mwenyewe akalaumu duka.

Mbona hujawahi kutaja Slash wa Guns N' Roses? – Eldoret Road

Nimemtaja leo.

Mjomba wangu alifariki Siaya akaacha kartoni mbili za santuri na kaseti, benga na rumba. Kuna mtu amekuja anataka kununua zote kwa pamoja, bei si mbaya. Niuze? – Siaya

Dada, pole kwa msiba. Usiuze bado.

Kwanza zitoe kwa ile nyumba ya mabati kama ziko huko, joto linapinda santuri na kaseti zinashikana. Zisimamishe kama vitabu, usizilaze moja juu ya nyingine. Pili, usimpe mtu yeyote "akaskize arudishe", hata akiwa mtangazaji. Mi nilimpa mtu wa redio kaseti yangu moja ya omutibo, iliyorekodiwa kwa harusi na mtu wa familia, nakala hakuna, akasema wiki moja. Hiyo wiki haijaisha. Tatu, tafuta mwenye mashine azigeuze ziwe faili, ukae naye pale pale akifanya, uondoke na kartoni zako. Ukishapata hizo faili, santuri ni zako, uza ama kaa nazo, hapo siwezi kukuamulia.

Alafu kabla hujamjibu huyo mnunuzi, chukua daftari uende kwa wazee waliokuwa marafiki wa mjomba, uwachezee moja moja, uwaulize nani alipiga solo hapa, nani rithim, nani besi. Andika vile watakuambia hata kama wanabishana, andika majina yote mawili. Ukiskia jina la mpiga rithim hata mmoja, nitumie, nitaliweka hapa wiki ijayo juu kabisa, kabla ya Hendrix.