Kisamvu kile alikipika bibi yako

Mwanangu,

Ujumbe wako tumeusoma, mimi na baba yako. Huku Tanga, Ngamiani, wote wazima, alhamdulillahi. Umeuliza imekuwaje tuliwalisha nyote kwa mshahara wa bandarini na mboga haikukosekana, na wewe uliye peke yako huko Dar, unayelipwa zaidi, kila jioni ni chipsi mayai, mpaka zahanati wanakwambia presha imepanda.

Baba yako kajibu hapohapo: "Mwambie aache uvivu." Baba yako hajawahi kukuna nazi.

Kisamvu mnachokisifia wenzangu, majani yalichumwa uani, bure. Lakini kitwangwe kinuni mpaka kilainike, kichemshwe weee, mtu akae juu ya mbuzi akune nazi, akamue, tui jepesi litangulie na zito lije mwishoni. Asubuhi yote imeondoka. Mimi wakati huo nilikuwa sokoni Mgandini kwenye biashara yangu, narudi magharibi nakuta sufuria imeshaepuliwa. Bibi yako ndiye aliyekuwa jikoni, na hakuna aliyemlipa. Ukihesabu chakula chetu cha bei nafuu, hesabu na saa zake.

Wewe bibi huna hapo chumbani. Unashuka kwenye daladala usiku, miguu imevimba. Maharage yanataka moto mrefu, na mkaa unanunua wa kopo. Ukijumlisha makopo ya mwezi mzima yanapita bei ya gunia, ila hela ya gunia huwa haikai mkononi kwa mkupuo. Kibanda cha chipsi kipo palepale kituoni. Hata mimi ningesimama.

Lakini presha nayo haijui kwamba umechoka. Dawa wakikuandikia usiiache kwa sababu kichwa hakiumi. Ugonjwa huo mara nyingi hauna dalili yoyote. Na chumvi, mwanangu. Muuzaji ananyunyiza, wewe unaongeza, juu yake tomato sosi ambayo nayo ina chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, ni kama kijiko kimoja cha chai, na hapo imehesabiwa mpaka ya kwenye mkate.

Sikwambii upike kila siku. Ijumaa usiku loweka maharage, moto utapungua sana. Jumamosi chemsha sufuria nzima, gawanya kwenye vibakuli, weka kwenye friji mnayochangia hapo. Ukirudi kazini ni kuunga tu, na mchicha hauchukui hata muda wa kuoga. Unga nunua dona. Sembe imekobolewa, kiini na pumba vimebaki mashineni, na huko ndiko vitamini nyingi ziliko. Nunua kidogo kidogo, kiini kina mafuta, dona huchacha upesi. Siku umechoka kabisa, kula chipsi zako, ila mwambie asitie chumvi na akujazie kachumbari.

Jumamosi nampa kondakta mzigo: maharage, dagaa nimeshawatoa vichwa, na machungwa ya Muheza. Nauli ya mzigo nimelipa huku, asikudai tena. Na hayo machungwa usiyagawe yote kazini, nakujua.

Mama yako