Kabla hujaota ukocha wa kikapu chuoni, mjue aliye juu yako

Wiki iliyopita kijana mmoja kanitumia ujumbe: "Shikamoo kocha. Nimemaliza shahada ya elimu ya viungo, ndoto yangu ni kufundisha kikapu chuoni kama wale wa Marekani. Nianzie wapi?" Marahaba, mwanangu. Naona mko wengi mnaouliza hilohilo, basi ngoja nilimwage lote hapa.

Kwanza hiyo Marekani. Najua mnachokiona: suti kando ya uwanja, ukumbi umefurika, na mshahara ambao katika majimbo kadhaa unamwacha mbali hata gavana. Na sisi Watanzania tuna sababu ya kuuota. Hasheem Thabeet alitoka hapahapa Dar, akapita Chuo Kikuu cha Connecticut mikononi mwa kocha Jim Calhoun, na mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili kwenye drafti ya NBA, yaani mnada wa vipaji vipya wa ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Lakini mtazameni kocha Mike Krzyzewski. Aliingia Chuo Kikuu cha Duke mwaka 1980, na katika misimu yake mitatu ya mwanzo alishinda mechi 38, akapoteza 47. Wapo waliotaka atimuliwe. Mkuu wa michezo wa chuo, Tom Butters, akagoma, na mwaka 1984 akamwongezea mkataba. Ubingwa wa kwanza wa vyuo ukaja 1991. Anastaafu 2022, ana mataji 5 na ushindi mara 1,202. Wengine wamsifu Krzyzewski. Mimi namsifu Butters.

Nina sababu zangu.

Kiwanja nilichoanzia kilikuwa cha saruji, na ufa unaokatiza mstari wa mitupo huru upande wa mabweni. Ringi hazina nyavu. Jua likizama mazoezi yamekwisha, maana taa ilikuwa moja, tena inamulika njia ya kantini. Mpira ukidundwa juu ya ule ufa ulikuwa unachepuka kushoto. Basi nikawazoesha vijana wangu: tukiwa nyumbani, mbane mwenye mpira mpaka apite palepale, halafu mwenzako awe ameshakaa kushoto anausubiri. Timu zilizokuja na viatu vya bei mbaya zilipoteza mipira pale mpaka zikaanza kulalamika kwa refa. Refa afanye nini? Ufa hauchezi rafu.

Hilo ndilo tamu la kazi. Chungu ni kwamba wachezaji wa chuo hawakai. Bumu, ile pesa ya mkopo, likitoka unabaki kiwanjani na watu wawili. Mitihani ikikaribia, hata hao wawili huwaoni. Huyu ana sapu ya kurudia mtihani, yule yuko fildi Mtwara, na senta uliyehangaika naye mpaka akajua kugeuka na mguu upi chini ya ringi, anakuja kukuaga amevaa joho. Mwaka mpya wa masomo unapokea watoto ambao hawajui kwamba ukiokota ribaundi ya kushambulia, yaani mpira wa timu yako uliogonga ringi ukakosa, saa ya shambulizi inarudi sekunde 14, si 24. Unaanza upya. Sikuwahi kuchoka kuanza upya, na hilo najisifia bila haya.

Kilichonitoa ni ofisi. Pesa ya timu ya chuo iko kwa mshauri wa wanafunzi, na kidogo kwa waziri wa michezo wa serikali ya wanafunzi, ambaye mara nyingi ni mtu wa mpira wa miguu. Mama aliyekuwa mshauri wa wanafunzi enzi zangu hakujua ribaundi ni nini, ila fomu ya basi alikuwa anasaini bila kunizungusha. Tukabeba kombe la vyuo. Mama akastaafu. Aliyemrithi akaja na mtu wake, eti ana cheti. Habari nilipewa na kapteni wangu, tena kwa aibu, kana kwamba kosa ni lake. Msimu uliofuata timu ikatetea kombe na vijana wangu walewale, ukabaji uleule wa zoni 2-3, wawili mbele, watatu nyuma. Sina kinyongo. Haya, ninacho kidogo.

Kwa hiyo vijana, acheni kudanganyana. Mmejaza simu video za mbinu, lakini nani kati yenu amewahi kukaa kwenye benchi nje ya ofisi asubuhi nzima akisubiri saini ya katoni za maji? Huko ndiko timu inakofia. Mjue aliye juu yako. Msalimie hata siku usiyo na shida. Mwalike mazoezini, mpe kiti, mweleze anachokiona. Mjue na anayemfuata kwa cheo, maana huyo ndiye bosi wako wa kesho.

Cheti nacho kitafute. Kozi za ukocha za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, zikitangazwa, jiandikishe ngazi ya kwanza, wasipate la kukusingizia. Halafu siku ukikabidhiwa timu, muulize bosi kwa heshima zote: wewe ukiondoka, mimi nabaki na nani? Akicheka, cheka naye, kisha omba jibu kwa barua.