Kutoka kauli za RDF hadi hati moja kwa kila mzigo

Ngosha, umeuliza kwa nini kauli zako za RDF (data iliyoandikwa kama sentensi fupi: kitu, sifa, thamani) za dagaa na sangara wa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, zinatoka kama orodha bapa, wakati unataka hati moja kwa kila mzigo, na mtumbwi na mwalo (mahali samaki wanaposhushwa) vikiwa ndani yake.

rdflib, maktaba ya Python ya kushughulikia RDF, peke yake haitakufikisha huko. Inaandika JSON-LD, yaani RDF katika umbo la JSON, lakini haipangi nini kikae ndani ya nini. Kwake kila kitu ni nodi, zote zina hadhi sawa. Chukua matokeo yake, yapitishe kwenye json.loads, kisha uyape jsonld.frame ya PyLD, maktaba ya Python ya JSON-LD, pamoja na fremu yako. Fremu ni kiolezo tu: unataja @type (aina) ya mzigo, halafu unaonyesha mtumbwi uingie wapi.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo wengi wanapopotea. Kwa JSON-LD 1.1, iliyopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2020, kitu kinachotajwa mara nyingi ndani ya mzigo mmoja hupachikwa kikamilifu mara moja tu. Mzigo na mtumbwi wake vinataja mwalo uleule? Kimoja kitapata maelezo ya mwalo, kingine kitabaki na @id (kitambulisho) tupu. Data haijapotea, ndugu yangu! Weka "@embed": "@always" kwenye fremu.

Na mtumbwi wenye mvuvi mmoja utakupa thamani moja, wenye watatu utakupa orodha. Weka "@container": "@set" kwenye muktadha (@context) wa fremu, iwe orodha siku zote. Mpangilio wa wavuvi usiutegemee, kauli za RDF hazina wa kwanza wala wa mwisho.