Swali la Lugha: "Titivate" si Neno la Aibu

SWALI: Mhariri, salaam. Ninafanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya ufukweni. Juzi meneja wetu, ambaye ni Mwingereza, aliniandikia ujumbe akitaka ni-"titivate" meza ya mapokezi kabla wageni hawajafika. Mwenzangu aliposoma alicheka, akasema neno hilo lina mambo ya chumbani. Nilipanga maua upya, nikafuta vumbi, nikanyamaza. Maana yake hasa ni nini, na limetoka wapi?
Msomaji, Nungwi

JIBU: Ndugu msomaji, ulichofanya ndicho hasa ulichoagizwa. "Titivate", ambalo hutamkwa ti-ti-veit kwa mkazo wa mwanzo, ni kukirembesha kidogo kitu ambacho tayari kiko sawa: ua lililoinama linainuliwa, kitambaa kinanyooshwa, na mtu aliyekwisha kuvaa anasimama tena mbele ya kioo kuweka kola vizuri na kugusa nywele. Nyumba inayopakwa rangi upya haiingii humo. Neno lenyewe lina utani ndani yake, kwa hiyo linafaa katika ujumbe wa kazini kama huo, lakini mimi nisingeliweka katika barua ya kuomba kazi.

Mwenzako amelichanganya na "titillate", lililotokana na neno la Kilatini "titillare", yaani kutekenya, ambalo siku hizi hutumika zaidi kwa kusisimua hisia, hasa za mapenzi. Tusimcheke, kwa kuwa hata Waingereza wenyewe huyakosea maneno haya mawili. Kwa asili hayana udugu wowote.

"Titivate" lilianza kuonekana katika maandishi mwanzoni mwa karne ya 19, na zamani liliandikwa pia "tidivate". Tahajia hiyo yenye "d" ndiyo inayowafanya wanaleksikografia wengi, yaani watunga kamusi, waone kwamba shina lake huenda ni "tidy", nadhifu, lililovishwa mkia wa kuigiza Kilatini kwa kufuata maneno kama "cultivate" na "renovate". Mkia huo ni wa bandia: katika "renovate" herufi "v" ni mali ya "novus", neno la Kilatini lenye maana ya "-pya", na wala si sehemu ya kiambishi. Aliyeliunda alitaka kazi ndogo ya kunyoosha kola isikike kama shughuli ya wasomi, na utani wa neno umeanzia hapo.

"Tidy" nalo lina safari ndefu kuliko linavyoonekana, maana limetokana na "tide", ambalo katika Kiingereza cha kale lilimaanisha wakati. Kitu "tidy" kilikuwa kitu kilichofika kwa wakati wake, kisha kikawa kitu kizuri, na baadaye sana kikawa kitu nadhifu. "Tide" hilohilo ndilo Waingereza wanaloliita leo kujaa na kupwa kwa maji, jambo ambalo wewe wa Nungwi unaliona kila siku kutoka hapo mapokezini.

Neno jingine la Kiingereza la kazi hiihii, "spruce up", limetoka mbali zaidi: "Spruce" lilikuwa jina la zamani la Prussia, nchi ya Ulaya ambayo leo haipo tena, na ngozi ya huko ilishonewa vizibao vilivyohesabiwa kuwa vya kimaridadi, hata jina la nchi likageuka kuwa sifa ya mtu aliyevaa vizuri.

Kwa Kiswahili, "kupamba" ni kuzito mno kwa agizo la meneja wako, kwani huwaza mtu maharusi na mapazia. "Kuremba" kunakaribia. Mimi ningechagua "kukwatua", neno ambalo kwa mkulima ni kufyeka magugu shambani, kwa mwenye vyombo ni kung'arisha, na kwa anayejiandaa kutoka jioni ni kujikwatua mbele ya kioo. Meza yako, basi, uliikwatua.