Barabara ya kulipia na madini ya shambani Texas

SWALI: Nina shamba Texas na jimbo linataka kutwaa sehemu yake lijenge barabara ya kulipia. Chini kuna gesi, juu kuna changarawe safi. Nikishalipwa fidia, vyote vimekwenda?

JIBU: Gesi pengine haijaenda, ndugu msomaji. Changarawe ndiyo ya kuihangaikia.

Texas inaruhusu madini yawe na mwenyewe na ardhi ya juu iwe na mwenyewe mwingine. Anzia kwa karani wa kaunti, upekue hati za nyuma: huenda aliyeuza shamba zamani alijibakizia madini.

Kisha soma neno kwa neno rasimu ya hati ya kulihamishia jimbo ardhi yako. Idara ya Uchukuzi ya Texas kwa kawaida humwachia mwenye shamba mafuta, gesi na salfa, ila humzuia kukanyaga kipande kilichotwaliwa ili kutafuta au kuchimba. Madini mengine yote huchukuliwa na jimbo, changarawe ikiwemo. Mamlaka nyingine za barabara zina rasimu zao, usidhani zinafanana.

Kwa hiyo changarawe ilipwe sasa. Mthamini aiingize katika bei ya soko ya shamba. Ukizidisha tani kwa bei na kujumlisha juu ya thamani ya ardhi, mahakama huenda ikakukatalia. Peleka matokeo ya mashimo ya majaribio, unene wa tabaka na uthibitisho kwamba wanunuzi wapo.

Gesi itafikiwa kwa kisima kinachoanzia nje ya barabara na kupinda kwa mlalo chini yake. Omba hati itamke haki hiyo, pamoja na njia ya kuvusha bomba. Kama ardhi inayobaki ni nyembamba mno kuweka mtambo, dai hasara ya sehemu hiyo pia, si ya kipande kilichotwaliwa tu. Kampuni iliyokodi gesi yako iarifiwe mapema.

Ofa ya mwisho ya jimbo hukupa angalau siku 14 kujibu. Msipoafikiana, shauri hufunguliwa na jaji huteua makamishna maalumu 3, wamiliki wa ardhi wakazi wa kaunti hiyo, wakadirie fidia. Kupinga uamuzi wao ni kwa maandishi, kabla ya kupita Jumatatu ya kwanza baada ya siku ya 20 tangu uwasilishwe mahakamani. Ukichelewa, unakuwa hukumu. Na kama unapinga utwaaji wenyewe, usiguse pesa za fidia ambazo jimbo limeziweka mahakamani: ukizichukua, unabaki kubishania kiasi tu.