Kabla hujanunua madirisha mapya, chunguza mbao zinazoyazunguka

Majira yetu ya pili ya baridi hapa Umeå, kaskazini mwa Uswidi, pembe za chini za dirisha la chumba cha watoto zilikuwa zinalowa kila asubuhi. Nafuta, kesho zimelowa tena. Kufika Februari rangi ilikuwa inabambuka, kuvu nyeusi imeota kwenye jipsamu, na mdogo wetu anakohoa usiku kucha. Nikaamini kosa ni la kioo. Tukatoa akiba, tukaweka madirisha ya vioo vitatu. Kioo kilikuwa kizuri kweli, hata ukikiegemea husikii ubaridi. Pembe zikaendelea kulowa.

Nyumba yetu ni ya 1968, ya mbao kama nyingi za huku. Nguzo zimesimamishwa kila sentimita 60, na katikati ya nguzo na nguzo imejazwa pamba ya madini. Pamba ndiyo inayolizuia joto. Mbao nayo huzuia kiasi, lakini kwa unene uleule inapitisha joto zaidi ya mara tatu kuliko pamba. Kwenye ukuta mtupu si neno, nguzo ni chache. Penye dirisha ndipo mambo yanapogeuka: kila upande nguzo mbili zimeshikana, juu kuna linta nzito ya mbao inayobeba paa, chini kuna boriti ambayo dirisha limelalia. Dirisha zima limezungushiwa mbao tupu kutoka ndani hadi nje. Waswidi huita sehemu kama hiyo daraja la baridi.

Chumba kikiwa na nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 50, matone huanza kutokea juu ya kitu kilichopoa hadi nyuzi 9 hivi. Kuvu haingoji matone. Inatosha ukuta ukae chini ya nyuzi 12.6 siku nyingi mfululizo. Usiku mmoja, nje ikiwa nyuzi 18 chini ya sifuri, nilipima kwa kipimajoto cha miale: katikati ya kioo 16, kwenye pembe 8. Nilikuwa nimelipia sehemu ambayo haikuwa na ugonjwa mkubwa.

Kwa hiyo ndugu yangu, kabla ya kutoa hela, anza na mwanya ulio kati ya fremu na nguzo. Chagua siku ya upepo, washa feni ya jikoni ili ivute hewa, kisha pitisha kijiti cha udi polepole kuzunguka dirisha. Moshi ukiyumba, hewa inapita hapo. Kwetu uliyumba pembe zote mbili za chini. Nilipobandua ubao wa pembeni nikakuta mafundi waliotuwekea madirisha walijaza pamba upande wa mbele tu, nyuma patupu, na juu yake wakafunika kwa ubao mzuri uliopakwa rangi. Iliniuma sana, maana mwanangu alikuwa analala chini ya kazi ile.

Mwanya mzuri ni wa milimita 10 hadi 15. Ukiwa mwembamba mno, pamba haiingii. Jaza vipande vya pamba kina chote, lakini usishindilie: kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa ndani ya pamba, ukiibana unaitoa. Povu la kopo linafaa pia, ila chukua lile lisilovimba sana, kwani mengine husukuma fremu hadi dirisha likatae kufunguka. Kisha ziba kabisa upande wa ndani, kwa kamba ya povu na gundi ya kuzibia. Upande wa nje kinga mvua, ila acha unyevu uweze kutoka. Ukigeuza mpango huo, mvuke wa jikoni na wa nguo mnazoanika ndani utanaswa ukutani na kuozesha nguzo.

Kuziba mwanya peke yake kulinipandisha pembe hadi nyuzi 11. Bado linta na nguzo zilikuwa zinapitisha baridi. Basi nikatoa jipsamu ya ukuta mzima, nikatandaza karatasi mpya ya plastiki ya kuzuia mvuke juu ya nguzo za zamani na kuiunganisha na fremu kwa tepu. Juu yake nikapigilia mbao za milimita 45 kwa 45 zikiwa zimelala, na kati yake nikajaza pamba. Mbao iliyolala inakutana na iliyosimama kwenye makutano tu, kwingine kote pamba inaifunika nguzo na linta. Hapa uwe mwangalifu: plastiki isiwe ndani zaidi ya theluthi moja ya unene wa pamba yote ukihesabu kutoka upande wa chumba. Kwetu ilikuwa milimita 45 kati ya 140, tumo.

Wengi hufika hapo wakasahau kingo za dirisha, pale ukuta unapokunja kuingia kwenye fremu. Ukiziacha ubao mtupu, joto litazunguka pamba yako yote na kutokea hapo. Fremu iliniruhusu milimita 20 tu, nikaweka ubao wa nyuzi za mbao.

Na ukibahatika kubadilisha mbao za nje, weka kihami, yaani kitu cha kuzuia joto lisitoke, upande wa nje na kikanyage fremu sentimita chache. Hiyo ni bora kuliko yote niliyoeleza, ila gharama yake ni kubwa.

Jambo dogo la mwisho: ubao wetu wa chini ya dirisha ulikuwa mpana kiasi cha kufunika radieta yote, kile chombo cha kupasha joto chumba. Nikaukata tundu refu, hewa moto ikaanza kupanda hadi kiooni.

Januari iliyofuata, nje nyuzi 22 chini ya sifuri, pembe ilisoma 15. Chumba cha watoto kimekauka. Dirisha la ngazi bado linalowa, kwani linta yake inashika dari ya juu na sitaki kuigusa kabla fundi wa miundo hajaitazama.